Pori la Buha Lilikuwa na Wenyewe

Wale mlioniuliza nimepotelea wapi wiki mbili hizi, nilikuwa likizo, na likizo yenyewe nimeimalizia miguuni. Nimetembea siku tatu katika vilima na misitu iliyo kati ya Kibondo na Kasulu, begi mgongoni, nikarudi na malengelenge pamoja na jambo moja ambalo limeninyima usingizi. Leo nalimwaga hapa. Ni refu kidogo, kwa hiyo kama uko kazini na bosi anapitapita, lisome baadaye kwa nafasi.

Kisa kilianzia stendi ya Kasulu mwaka jana. Nilikuwa nasubiri gari la kwenda Kibondo, wakashuka vijana wawili wa Kizungu, mwanamume na mwanamke, kila mmoja na begi la mgongoni lililompita kichwa. Kondakta akanigusa bega, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kaka, hawa wanahama?" Tukacheka. Wale vijana wakaniuliza kwa Kiingereza ni wapi wanaweza kutembea kwa siku kadhaa milimani bila kukutana na mtu. Walitaka pori ambalo halijawahi kuguswa na binadamu. Mimi, mtoto wa Kasulu, nikajaa fahari. Nikanyoosha mkono kuelekea mashariki na kaskazini, nikawaambia pori la namna hiyo kwetu limejaa, chagueni wenyewe.

Nimejuta kusema vile. Kama wewe ni mvumilivu utaelewa kwa nini.

Kwanza niwaeleze nchi yenyewe, maana najua wengi wenu Kigoma mnaijua kwa reli, dagaa na mawese tu. Ukitoka ziwani ukapanda kuelekea mashariki na kaskazini unaingia Buha, nchi ya Waha. Ni nchi ya miinuko, mgongo wa kilima baada ya mgongo wa kilima, na mabonde yenye vijito katikati. Zamani iligawanyika katika tawala kadhaa. Heru ilikuwa upande wa Kasulu, na makao yake Heru Juu bado yapo karibu na mji. Muhambwe ni Kibondo ya leo. Buyungu ni upande wa Kakonko, ambayo ilikuwa ndani ya Kibondo mpaka ilipofanywa wilaya mwaka 2012. Kila utawala ulikuwa na mwami wake, na chini yake batware waliosimamia sehemu mbalimbali. Walikuwepo pia bateko, wazee wa mila waliohusika na ardhi yenyewe: nani alime wapi, tambiko lifanyike lini. Kumbukeni hao bateko. Nchi isiyo na watu haihitaji mteko.

Halafu kuna mto Malagarasi, ambao tabia yake inashangaza. Unaanzia mpakani na Burundi, karibu kabisa na Ziwa Tanganyika, lakini badala ya kuteremka ziwani unaukimbia. Unakwenda kaskazini mashariki, unakata upande wa Kibondo, unaingia kwenye mabwawa makubwa ya Moyowosi, halafu unageuka kusini na magharibi, na mwisho kabisa unamwaga maji ziwani kusini ya Ujiji. Yaani umeizunguka karibu Buha yote ndipo ukafika pale ulipoanzia. Nami hadithi yangu itazunguka hivyo hivyo, msichoke.

Basi, likizo ilipofika nikamshawishi binamu yangu anayefundisha shule ya msingi Kibondo. Tukatoa taarifa kwa watendaji wa vijiji, maana ukionekana porini na begi mgongoni bila taarifa, karibu na mpaka, utajieleza mpaka koo likauke. Tukabeba unga wa muhogo, dagaa, chumvi, sufuria moja, turubai na kiberiti. Tukavuka Malagarasi kwenye daraja la barabara ya Kibondo na Kasulu, kisha tukaiacha barabara, tukaingia ndani, tukafuata njia za warina asali kuelekea upande wa Makere.

Niliogopa, sitawaficha. Sisi tuliokua huko miaka ya 2000 tuna kumbukumbu ya pori hilo. Mabasi yalikuwa yakisindikizwa na askari wenye bunduki kwa sababu ya majambazi, na mama zetu walikuwa wakishika rozari kuanzia gari linapotoka stendi. Leo lami imeshapita sehemu kubwa ya njia hiyo, na watoto wa sasa wanalala usingizi ndani ya basi mahali ambapo sisi tulikuwa tukihesabu miti. Lakini ukiingia ndani kilomita chache tu, hofu ile ya zamani inarudi.

Siku ya kwanza ilikuwa ya kupanda na kushuka. Miombo pande zote, nyasi za kufika kiunoni, mizinga ya magome imening'inia juu ya miti. Hatukukutana na mtu tangu saa nne asubuhi hadi jua lilipozama. Nikawakumbuka wale Wazungu wa stendi. Nikajisemea, hili ndilo pori lao, nchi ambayo Mungu aliiumba akaiacha hivyo hivyo.

Siku ya pili asubuhi tukamkuta mzee mmoja mrina asali, ameketi kando ya moto wake mdogo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wajukuu zangu. Mwakeye?"

Akatukaribisha asali na viazi vya kuchoma. Akamuuliza binamu yangu kazi yake, akafurahi kusikia ni mwalimu. Akaniuliza mimi. Nikasema ni mwandishi wa habari wa gazeti.

Akanitazama kwa muda. Kisha akasema, bila hasira, "Kumbe ndio ninyi mnaotuandika wavamizi."

Wasomaji wangu, asali ilinikwama kooni. Kwa sababu ni kweli. Miezi kadhaa nyuma nilikuwa nimeandika habari ya mistari ishirini kuhusu watu walioondolewa kwenye eneo la hifadhi ya msitu. Nilizungumza na ofisa mmoja kwa simu, nikaandika "wavamizi wa pori" mara tatu, nikatuma, nikaenda kula chakula cha mchana. Sikumuuliza hata mmoja wa hao wavamizi. Mzee hakuwa akijua kwamba ni mimi hasa niliyeandika, na mimi sikuwa na ujasiri wa kumwambia.

Alipomaliza kula akasimama, akasema, "Njooni niwaonyeshe kitu."

Tukatembea kama nusu saa. Tukafika mahali ambapo kwa macho yangu palikuwa pori kama pori jingine. Akanionyesha minyaa. Ilikuwa mirefu kama miti, imezeeka, lakini imesimama katika mstari, na mwisho wa mstari ikakata kona na kuendelea upande wa pili. "Mnyaa haujipandi kwa mstari," akasema. Hatua chache mbele, ndani ya nyasi, kulikuwa na jiwe la kusagia, limelika katikati mpaka likawa kama bakuli. Akaliinamia, akalifuta vumbi kwa kiganja kama mtu anayemfuta mtoto uso.

"Baba yangu alizaliwa hapa," akasema. "Aliondolewa akiwa kijana, wakati wa malale. Mimi nikazaliwa kule walikopelekwa. Na kule nako nikaondolewa nikiwa na mke na watoto wawili, wakati wa vijiji vya ujamaa. Sasa nikija huku kuangalia mizinga yangu naambiwa nimevamia. Nawauliza, aliyevamia ni yupi?"

Sikuwa na jibu. Nilichokuwa nacho ni shahada ya chuo kikuu, na kwa bahati nzuri shahada hiyo ilinifundisha mahali pa kutafutia majibu. Tangu nirudi nimekuwa nikisoma, na haya ndiyo niliyokusanya.

Tuanze na mgeni mashuhuri aliyewahi kubeba, au niseme kubebewa, mizigo katika nchi ya Waha. Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, alipita kusini ya Buha mwanzoni mwa Novemba 1871 akimtafuta David Livingstone. Njia ya moja kwa moja kutoka Tabora ilikuwa imefungwa na vita vya Mirambo na Waarabu, kwa hiyo alizunguka kusini, akavuka Malagarasi, ndipo akaingia Buha. Wote tunajua alivyomkuta Livingstone Ujiji. Tusichokumbushwa ni siku chache kabla ya hapo.

Stanley mwenyewe anaeleza katika kitabu chake cha mwaka 1872 kwamba alipoingia Buha alikuta vijiji, mashamba na utawala unaojua kazi yake. Mtware mmoja aitwaye Mionvu alimsimamisha na kumdai hongo, yaani ushuru wa kupita katika nchi ya watu. Stanley akalipa zaidi ya doti 70 za nguo, na doti moja ni kama mikono minane. Akasonga mbele kidogo, akakutana na mkubwa mwingine anayedai doti 30. Akauliza, wako wangapi mbele? Akaambiwa wapo wengine kadhaa kabla ya kufika Ujiji. Akapiga hesabu, akaona atafika kwa Livingstone akiwa mikono mitupu.

Akafanya nini? Akamlipa mtu anayezijua njia za msituni, doti 12, na usiku wa manane msafara wake ukatoka kijijini kwa kunyata, kikundi kimoja kimoja. Wakakata msituni kuzikwepa njia kuu na vijiji. Mwanamke mmoja katika msafara, mke wa mmoja wa watu wake, akashikwa na woga akaanza kupiga mayowe. Stanley anaandika bila aibu kwamba alimchapa mjeledi hadi akanyamaza, na mdomo ukafungwa kwa nguo. Jina la mwanamke huyo hakujali kuliandika. Nimemfikiria mara nyingi kuliko nilivyomfikiria Livingstone.

Lakini shikeni hoja. Mwaka 1871 mtu aliyetaka kupita Buha bila kuonekana ilimbidi atembee usiku, achape mtu mjeledi, amfunge mdomo, kwa sababu macho yalikuwa kila mahali. Mimi nimetembea mchana kutwa, tena nikiimba, na sikuonwa na mtu. Hatukupita sehemu ileile, yeye alikuwa kusini zaidi, lakini swali ni lilelile. Ile nchi yenye watu na watware wa kudai ushuru ilikwenda wapi?

Haikuondoka siku moja. Kwanza walikufa ng'ombe. Sotoka ilipita Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890 na kufagia mifugo. Buha ng'ombe hakuwa maziwa tu. Kulikuwa na desturi ya ubugabire, ambapo mwenye ng'ombe alimpa mwingine amtunzie, na kwa njia hiyo watu wakafungana kwa heshima na wajibu. Ng'ombe alipokufa, na kamba hizo za watu zikalegea.

Kisha wakaja Wajerumani na kodi ya kibanda, na kodi ilidai fedha, na fedha haikuota Buha. Reli ikafika Kigoma mwaka 1914. Miaka miwili baadaye, 1916, majeshi ya Kibelgiji yakashuka kutoka Rwanda na Burundi, yakaichukua Kigoma mwezi Julai na Tabora mwezi Septemba. Kasulu na Kibondo zikawa chini ya Wabelgiji hadi Machi 1921 walipokabidhi kwa Waingereza. Vita ile ilipiganwa kwa mgongo wa mpagazi. Pasipo na barabara, kila risasi na kila gunia la chakula vilibebwa na mtu. Wenzangu wa Dar es Salaam mnapokwenda kununua viatu Kariakoo, kumbukeni kwamba jina hilo lilitokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika vita hiyohiyo. Mzigo wa kawaida wa mpagazi katika misafara ya zamani ulikuwa kama frasila mbili, zaidi ya kilo 30. Begi langu la likizo lilikuwa kilo 12, na siku ya tatu nilikuwa nalitukana.

Sasa tufike kwenye malale, maana hapo ndipo penye kiini cha habari.

Mbung'o anapenda kichaka na wanyama wa porini. Wanyama hao hubeba vijidudu vya malale na nagana bila wenyewe kuugua. Palipo na watu wengi wanaolima, wanaokata miti, wanaochoma nyasi na kuwinda, mbung'o hurudi nyuma. Watu wakipungua, shamba likilala, kichaka hurudi, na mbung'o hurudi nacho. Mtaalamu wa Kiingereza John Ford, aliyefanya kazi ya mbung'o miaka mingi Afrika, alieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1971. Helge Kjekshus naye alilisukuma zaidi mwaka 1977 kwa kuangalia Tanganyika: kwamba wenyeji kabla ya ukoloni walikuwa wameibana mbung'o kwa jembe na moto, na ni misiba ya mwisho wa karne ya 19 iliyomfungulia mlango. Wapo wanaobishana na Kjekshus kwa kuona kwamba ameipamba mno hali ya zamani, na ubishi huo ni wa haki. Lakini kwamba kichaka hufuata nyayo za watu wanaoondoka, hilo mkulima yeyote wa Kasulu atakwambia bila kitabu.

Malale ikawaka magharibi ya Tanganyika. Miaka ya 1930 serikali ya Kiingereza ikaamua dawa yake Kasulu na Kibondo ni kuwakusanya watu. Waliokuwa wametawanyika vilimani, kila ukoo na kilima chake, wakaamriwa kuhamia kwenye makazi makubwa ambayo pembezoni mwake miti ilikatwa ili mbung'o akose pa kujificha. Maelfu wakahamishwa. Nyumba zikaachwa, na mashamba, na makaburi, na minyaa ya ua.

Niwe mkweli, ndugu zangu. Malale inaua, na inaua vibaya. Mtu hulala mchana, huropoka, hudhoofika, hufa. Kuna walioishi kwa sababu ya uhamisho ule, na pengine mimi mwenyewe ni mjukuu wa mmoja wao. Sitasimama hapa niseme kila kitu kilikuwa uonevu. Ninachosema ni kwamba ardhi waliyoiacha haikuwa pori. Ililala, kichaka kikaifunika, wanyama wakaingia, na kizazi kilichofuata cha maofisa kikaja na ramani, kikatazama, kikaandika: pori.

Na vijana wenye nguvu ambao wangeweza kurudi kuifyeka walikuwa wapi? Walikuwa Tanga na Morogoro wakikata mkonge. Wakoloni waliifanya Kigoma kuwa ghala la vibarua. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge wakaanzisha chombo chao cha kuandikisha wafanyakazi, SILABU, na Waha wakawa miongoni mwa walioandikishwa kwa wingi. Wakaitwa manamba kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Kabla ya malori kuzoeleka, mtu alitoka kijijini kwake kwa miguu, siku kadhaa, kitita cha nguo na chakula mgongoni, mpaka kwenye reli. Babu yangu mzaa mama alikuwa mmojawapo. Alisimulia kwamba kitu kizito zaidi katika safari ile ni kutokujua kama ukirudi utaikuta nyumba mahali ulipoiacha.

Uhuru ukaja 1961. Mwaka 1963 utawala wa kichifu ukafutwa kisheria, na bami wa Buha wakabaki na heshima za mila tu. Azimio la Arusha likatangazwa 1967, na mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma. Watu wakahamishwa tena, safari hii kwenda vijiji vya ujamaa, na nyumba zikapangwa kwa mistari kando ya barabara. Nia iliyotajwa ilikuwa njema: shule, zahanati, maji, kuwa pamoja. Shule niliyosoma mimi ilitokana na kijiji cha namna hiyo, siwezi kuikana. Lakini vilima vingine vikaachwa. Sheria ya Vijiji ya 1975 ikakipa kijiji mipaka na halmashauri, na kilichobaki nje ya mipaka hakikuwa na msemaji.

Upande wa mashariki, Pori la Akiba Moyowosi likatangazwa mwaka 1981. Mwaka 2000 ardhioevu ya Malagarasi na Moyowosi, hekta 3,250,000, ikawa ya kwanza nchini Tanzania kuingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu muhimu duniani. Ni jambo la kujivunia, na korongo na yule ndege wa domo kama kiatu wanahitaji mahali pa kuishi. Mimi si adui wa hifadhi. Vijito tulivyokunywa safarini vinatoka kwenye misitu ile, na ikifyekwa yote Kasulu itakunywa vumbi.

Na juu ya hayo yote wakapita wakimbizi. 1972 kutoka Burundi, 1993 baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa mwezi Oktoba, 1996 kutoka Kongo hadi Nyarugusu, 2015 kutoka Burundi tena. Wamama wenye mtoto mgongoni na godoro kichwani walivuka vilima hivihivi. Mzee mrina asali alituambia kwamba mwaka 1993 aliwaona wakishuka kwa njia ambazo yeye alidhani zimeshakufa. Walizijuaje? Akacheka. "Njia hizo baba zao walipitia kuja kuoa huku, na baba zetu kwenda kule. Na wote walipitia kwenda Uvinza kuchukua chumvi."

Nilipofika nyumbani nikatafuta habari za Uvinza. Wataalamu John Sutton na Andrew Roberts walichimba pale mwaka 1967, wakakuta watu walikuwa wakichemsha maji ya chemchemi kupata chumvi tangu yapata miaka 1,500 iliyopita. Jamani, miaka 1,500! Kila kiangazi watu walitoka Buha, Burundi na kwingineko, mzigo mgongoni, kufuata chumvi. Hao ndio watembezi wa kwanza wa milima yetu. Wale vijana wa stendi walikuwa wamechelewa karne kumi na tano.

Sasa nirudi nilikoanzia, kama Malagarasi.

Migogoro ya ardhi na hifadhi Kigoma haijaisha. Mmesikia ya Kagera Nkanda na msitu wa Makere Kusini, Kasulu, mvutano wa miaka mingi ambao ulifika mpaka kwa Rais John Magufuli alipozuru mkoa mwaka 2017, wananchi wakaahidiwa kumegewa sehemu. Kila mgogoro wa namna hiyo una mtu mwenye ramani na mtu mwenye jiwe la kusagia. Mwenye ramani ana karatasi, mhuri na gari. Mwenye jiwe ana hadithi ya baba yake. Na sisi waandishi tumezoea kumpigia simu mwenye gari, kwa sababu yeye ana simu inayopatikana.

Sisemi kila anayelima hifadhini ni mjukuu wa mwenyeji. Wapo waliokuja juzi na trekta wakitafuta ardhi ya bure, na wapo wenye makundi ya ng'ombe kutoka mbali. Tena hao wanajua kujificha nyuma ya wazee kama yule. Wala sisemi kila aliyekuwa na babu kilimani arudi akafyeke. Ninachosema ni kidogo zaidi: kabla hatujaandika neno "pori", tuulize liligeuka lini kuwa pori, na nani aliondoka ili ligeuke. Kabla hatujaandika "mvamizi", tumuulize mtu huyo baba yake alizikwa wapi. Jibu halitamaliza mgogoro, lakini litaondoa uongo mmoja mezani, na wanaokaa kujadili watajua wanajadili kitu gani.

Kuna jingine. Watu wa Kigoma tumechoka kuulizwa vyeti vya uraia kila tukifika mjini, kama vile hatuna mahali tulipotoka. Nadhani sehemu ya tatizo hilo ni hii hii. Nchi yako ikiandikwa pori tupu, nawe unaonekana mtu uliyejitokeza tu kutoka porini.

Siku ya tatu jioni tulitokea Makere, tumechakaa, tukanunua soda mbili kila mmoja tukazinywa tukiwa tumesimama. Kabla hatujaachana na mzee kule nyuma nilimuuliza kama anataka niandike jina lake. Akakataa. Akasema, "Andika kwamba minyaa ipo. Atakayebisha aende akaihesabu."

Nimeandika, mzee. Na ile habari yangu ya mistari ishirini nimeitoa kwenye faili, nimepiga mstari mwekundu chini ya lile neno mara zote tatu. Wiki ijayo naomba ruhusa kwa mhariri nirudi kuiandika upya, safari hii kwa kuanza na wenye jiwe. Akikataa, nitaiandika hapa.

Na wewe msomaji ambaye kwenu kuna kilima kinachoitwa pori, nenda mwulize bibi au babu yako wakati bado yupo. Naomba kutoa hoja.